Gemu inayouza mashine Dubai siyo inayouza Dzaleka

Jirani yangu hapa Area 47, mama wa Kigoma aliyeolewa Lilongwe, alimnunulia mwanawe mashine ya gemu kwa kufaulu mtihani. Aliangalia bei, akachagua Xbox Series S: ndogo, nyeupe, rahisi kuliko zote zilizokuwa kwenye kabati la duka. Mtoto alifungua boksi, akashukuru kama alivyofundishwa, akaingia chumbani na hakutoka mpaka chakula cha usiku. Kesho yake mama akaja kupiga hodi kwangu, kwa kuwa anajua mimi ni mtu wa mizigo ya Dar.

“Kaka, hebu niambie nimekosea wapi. Kwani mashine si mashine?”

Ikabidi nimweleze. Mtoto alikuwa na Spider-Man kichwani. Aliiona kwa binamu yake, akaiona tena YouTube, na Spider-Man hiyo ni mali ya Sony. Kwenye Xbox haipo. Unaweza kuwa na runinga kubwa na umeme usiokatika, bado yule jamaa wa utando hapandi ukuta wowote nyumbani kwako. Mama alikaa kimya kidogo, halafu akasema, “Kumbe nilitakiwa nichague gemu kwanza, mashine baadaye.”

Wafanyabiashara wenzangu, sisi tunaofunga mizigo Kariakoo na kuvuka Kasumulu kuingia Songwe, tunafanya kosa lilelile la huyu mama. Tofauti ni kwamba yeye alikosea kwa mashine moja, sisi tunakosea kwa mtaji wa mwaka mzima. Tunasikia mashine mpya imezinduliwa, tunaona foleni za Ulaya na Marekani kwenye simu, tunadhani foleni hiyo itafika Lilongwe. Haifiki. Au ikifika, inafika kwa mlango wa nyuma, na huo mlango wa nyuma ndio nataka tuuzungumze.

Kwanza tuwaangalie wenye viwanda wanavyofanya. Kampuni ikitoa mashine mpya huiambatanisha na gemu ambayo huwezi kuipata kwingine. Mashine ni kufuli, gemu ndiyo hazina iliyofungiwa ndani. Nintendo walipoipeleka Game Boy Marekani mwaka 1989 waliiweka Tetris ndani ya boksi, na watu wazima ambao hawakuwahi kushika gemu maishani wakaanza kupanga matofali wakiwa kwenye treni. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Halo. Julai 1999 Steve Jobs mwenyewe aliionyesha jukwaani New York kama gemu itakayokuja kwenye kompyuta za Apple. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Bungie, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, na tarehe 15 Novemba 2001 Halo ikatoka Marekani siku moja na Xbox ya kwanza. Apple wakabaki na picha za jukwaani. Microsoft, ambao hawakuwa na jina lolote kwenye biashara ya mashine za gemu, wakapata mguu wa kuingilia sebuleni kwa watu.

Nguvu hiyo ilionekana tena Machi 2017. Nintendo walizindua Switch pamoja na Zelda mpya, Breath of the Wild. Marekani peke yake mwezi ule ziliuzwa mashine zipatazo 906,000, na nakala za Zelda za mashine hiyo zipatazo 925,000. Nakala zilizidi mashine! Wapo walionunua mbili, moja ya kucheza na moja ya kuweka kabatini, na wapo walionunua gemu kabla hawajaipata mashine. Juni 2025 Switch 2 ilipotoka na Mario Kart World, Nintendo walitangaza kuuza zaidi ya mashine milioni 3.5 katika siku nne.

Basi mfanyabiashara akisoma habari kama hizo anakuna kichwa na kuhesabu. Nami nilihesabu. Muuzaji mmoja wa jumla Dar alinipigia wiki ileile: chukua tano, zitaondoka kama maandazi. Nikamuuliza, nani atachukua? Akasema, “Dunia nzima inazitaka.” Nikamwambia dunia nzima haipandi basi la Lilongwe.

Lakini hata huko kwao hesabu haiendi mstari mmoja. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na gemu zake za mwanzo hazikuwa za kutia mtu wazimu. Watu waliichukua kwa kuwa ilichezesha DVD, wakati mashine za DVD zilikuwa ghali, na kwa kuwa diski za PlayStation ya kwanza hazikutupwa, ziliendelea kucheza mlemle. Mashine hiyo imeuza zaidi ya milioni 150 na hakuna iliyoifikia. Gemu za kipekee zilikuja baadaye zikaikuta tayari imekaa kitako. GTA III, Vice City na San Andreas zote zilitoka kwanza kwenye PS2 kabla ya kwenda kwingine, na nadhani wengi wetu wenye miaka 30 na kitu tunakumbuka tulikokuwa tulipoiona San Andreas mara ya kwanza.

Upande wa pili kuna Dreamcast ya Sega. Ilikuwa mashine nzuri, ilifika Marekani Septemba 1999, mwaka mzima kabla ya PS2, na gemu zake za uzinduzi zilisifiwa. Ila kampuni ya EA ilikataa kuitengenezea gemu. Maana yake ni kwamba kwenye Dreamcast hapakuwa na FIFA. Mwanzoni mwa 2001 Sega wakatangaza kwamba wanaacha kutengeneza mashine. Sababu zilikuwa nyingi, madeni yakiwamo, lakini kwa mtu wa huku kwetu mashine isiyo na FIFA huhitaji kumweleza zaidi kwa nini ilikufa.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Waulize vijana wa Mbeya, Bujumbura, Uvira au Mzuzu mashine ya gemu inaitwaje, watakuambia “PS”. Hata ikiwa ya kampuni nyingine wataiita PS. Jina hilo halikuja kwa matangazo. Lilikuja kwa mpira. Konami walikuwa na Winning Eleven yao tangu enzi za PlayStation ya kwanza, na ilipogeuka Pro Evolution Soccer mwaka 2001, makao yake yalikuwa PlayStation. Kwenye kompyuta ilifika 2003 na kwenye Xbox mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo michache, bila mtu wa Sony kukanyaga vibanda vyetu, mpira uliokuwa mtamu kuliko wote ulichezwa kwenye mashine moja, na diski zake, za halali na zile tunazozijua sote, zilipatikana kila kona. Kwetu PES ilifanya kazi ambayo Halo iliifanya kwao. Ilichagua mashine kwa niaba ya kanda nzima, na mashine nyingine zikaja kukuta nafasi imeshakaliwa.

Sasa twende Dzaleka, kwa kuwa huko ndiko nilikofundishwa biashara hii upya.

Kwa msomaji asiyeijua, Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili utakisikia kuanzia kituo cha pikipiki hadi kwenye foleni ya maji. Ni soko. Anayedhani kambi ni mahali pa kugawiwa tu hajaenda siku ya soko akaona vitenge, simu, samaki na mashine za cherehani vinavyobadilisha mikono.

Ndani ya soko hilo kuna vibanda vya gemu. Runinga mbili au tatu, benchi, pazia la kuzuia mwanga, na mtu anayeshika daftari. Unalipia mechi, ukifungwa unapisha, ukishinda unabaki. Hakuna anayelipia kutembea peke yake msituni akitafuta upanga kwa saa 60, hata kama wazungu wameipa gemu hiyo nyota tano. Mwenye kibanda anahitaji gemu inayokwisha kwa dakika 10, inayochezwa na watu wawili, inayoeleweka na anayetazama kwenye benchi, na inayomfanya aliyefungwa atoe hela nyingine kulipa kisasi. Hiyo ni mpira. Kidogo na gemu za kupigana, Tekken na Mortal Kombat. Zilizobaki ni mapambo.

Nilijua yote hayo, na bado mwaka 2024 nilikosea.

Kijana mmoja wa Uvira alikuwa na meza ya kutengeneza simu mjini Lilongwe. Machi 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wanaoishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili, na kuanzia Mei polisi wakawa wanawakusanya mijini. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu walikuwa wateja au wauzaji wa watu hao, na mnajua maduka yaliyofungwa siku zile na bidhaa zilizobaki ndani. Huyu kijana alirudi kambini na begi la bisibisi. Akafungua kibanda cha gemu kwa PS3 moja kuukuu. Baada ya muda zamu yake ya likelemba ikafika, akaniambia anataka PS5. Kibanda cha pili kutoka kwake kilikuwa kimeandika PS4 ukutani kwa rangi nyekundu, naye alitaka kuandika namba kubwa zaidi.

Niliuliza Dar, nikapata PS5 ya bei iliyonivutia. Sikusoma boksi vizuri. Tuseme ukweli: nilisoma, nikaona ni ile ya dijitali, nikajiambia PS5 ni PS5. Nilimfikishia mwenyewe hadi Dzaleka. Aliiweka mezani, akaizungusha huku na huku kama anayekagua mbuzi, kisha akaniangalia.

“Kubwa, hii haiko na fasi ya kutia CD. FIFA nitaitia wapi?”

Wenzangu, hapo ndipo kufuli za kweli za soko letu zilipo, na hakuna anayeziandika kwenye tangazo. Mashine isiyo na tundu la diski inataka ununue gemu kwa intaneti. Duka la PlayStation la mtandaoni halihudumii Malawi. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini pekee iliyo kwenye orodha yao. Tanzania haimo, Kenya haimo, Kongo haimo. Tunafungua akaunti za kudanganya kwamba tunaishi Johannesburg au London, tunatafuta kadi za malipo za nchi hizo kwa watu wa kati, halafu tunapakua makumi ya gigabaiti kwa bando la simu. Mei 2024 suala hilo lilijulikana dunia nzima, pale gemu ya Helldivers 2 ya kompyuta ilipoondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo ya Sony haipo. Wachezaji wa Ulaya walishangaa kusikia kuna nchi nyingi hivyo. Sisi hatukushangaa.

Kijana wa kibanda cha kambini hana kadi ya London. Ana diski. Diski inaazimwa, inauzwa, inabadilishwa na ya jirani, inawekwa rehani. Diski ndiyo benki ya gemu ya Afrika Mashariki, na mashine isiyoimeza ni boksi jeupe tu. Ile PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 inaweza kuongezewa kisomadiski kinachouzwa kando, sawa, lakini hata hicho kinataka intaneti siku ya kwanza ili mashine ikikubali. Na umeme je? PS5 ikiwa kwenye gemu nzito huvuta karibu wati 200. PS4 ile nyembamba haifiki nusu ya hapo. Mwenye betri na paneli moja ya jua anaihisi tofauti hiyo kila jioni umeme ukikatika, na mechi ikikatika katikati, wateja hudai hela zao.

Niliirudisha mjini ile mashine. Nikampa PS4 iliyotumika, padi mbili, diski ya mpira na nyingine ya kupigana, na tofauti ya fedha nikamlipa kwa mafungu matatu kwa kuwa sikuwa nayo mkononi. Katika siku zile za kusubiri wateja wake walikwenda kwa yule wa rangi nyekundu. Baadhi hawakurudi. PS5 yenyewe nilikaa nayo miezi minane ndipo ikanunuliwa na familia moja ya hapa Area 47 yenye waya wa intaneti ukutani. Mtoto wao alitaka Demon's Souls, gemu iliyotoka na PS5 siku ya uzinduzi, Novemba 2020, na haipo kwenye PS4. Yaani mashine ileile iliyokuwa mzigo mfu Dzaleka ilipata mwenyewe kilomita 45 kusini, na ilimpata kwa sababu ya gemu ya uzinduzi. Kwa hiyo sisemi gemu za kipekee hazina kazi. Nasema zina anwani.

Sasa niurudie mlango wa nyuma.

PS4 zilizotumika tunazouza hazitoki mbinguni. Zinatoka kwa watu wa Ulaya na Ghuba walioamua kununua mashine mpya. Zinakusanywa, zinapita Dubai, zinafika Dar, zinashuka kwetu. Swali la msingi kwa mfanyabiashara ni: nini kinamfanya mtu wa Dubai aitoe PS4 yake kabatini? Jibu ni gemu ambayo haichezeki kwenye PS4. Na hapo angalia kilichotokea baada ya 2020. Sony walizindua PS5, lakini Spider-Man: Miles Morales, gemu yao kubwa ya uzinduzi, waliitoa pia kwenye PS4. Horizon Forbidden West na Gran Turismo 7 mwaka 2022, pia kwenye PS4. God of War Ragnarök mwisho wa mwaka huohuo, pia PS4. Upande wa Microsoft, Halo Infinite iliyotakiwa kuizindua Xbox mpya ilichelewa mwaka mzima, na ilipotoka Desemba 2021 ilichezeka hata kwenye Xbox ya zamani. Mwenye PS4 hakusukumwa na kitu. Akakaa nayo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, miaka ile PS4 za mtumba zilikuwa chache na bei yake ikagoma kushuka wakati sisi tulikuwa tukingoja zishuke. Tulilaumu madalali wa Kariakoo. Nadhani lawama kubwa zaidi ilistahili kwenda kwa wapanga ratiba wa gemu huko California.

Ukilielewa hilo, unajua nini cha kutazama mbele. Grand Theft Auto VI imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini Rockstar wametangaza mashine zake: PS5 na Xbox Series. PS4 haimo. Hiyo siyo gemu ya kampuni moja, ila ni ya kizazi kimoja cha mashine, na kwa mwenye PS4 wa London au Muscat matokeo ni yaleyale: auze, anunue mpya. Siku ikitoka, PS4 zitamwagika. Anayezirundika sasa kwa bei ya juu atazitazama zikishuka akiwa amekaa juu yake.

Kuna saa nyingine inayolia taratibu zaidi, na hiyo kwa vibanda ni kubwa kuliko GTA. Ni saa ya mpira. PS2 ilitoka 2000, FIFA ya mwisho kwake ilikuwa FIFA 14, iliyotoka 2013. PS3 ilitoka 2006, ya mwisho kwake ikawa FIFA 19, mwaka 2018. Miaka 13, kisha miaka 12. PS4 ilitoka Novemba 2013, na mpira huo, ambao siku hizi unaitwa EA Sports FC baada ya kuachana na jina la FIFA, bado uliifikia PS4 kwa toleo la FC 26, Septemba 2025. Hesabu mwenyewe. Sina mtu wa ndani EA, hii ni hesabu ya vidole, lakini vidole vyangu vinaniambia muda umekaribia.

Itakapofika siku hiyo kibanda hakifungwi. Nimeona PS2 zikichezwa miaka mingi baada ya toleo la mwisho, vijana wakikubali kwamba mchezaji fulani bado yuko timu aliyohama zamani, wakilibishana kwa mdomo kuhusu vikosi huku skrini ikisema vingine. Hata hivyo mwenye kibanda atakayekuwa wa kwanza kuwa na mpira mpya ndiye atakayevuta benchi. Hapo ndipo PS5 yenye tundu la diski itakapohitajika Dzaleka, kwa sababu ya mpira, miaka mingi baada ya uzinduzi wake kusahauliwa. Mimi nazitafuta hizo hizo taratibu, zilizotumika, moja moja, na kila boksi nalifungua na kutia diski kabla sijatoa hela.

Mtu ataniambia gemu za kipekee zenyewe zinakufa, tusihangaike nazo. Ni kweli Microsoft wamelegeza. Forza Horizon 5 yao iliingia PS5 Aprili 2025, jambo ambalo miaka 10 iliyopita lingekuwa kichekesho. Lakini Nintendo hawajalegeza hata kidole, na Sony wamelegeza zaidi upande wa kompyuta. Mtoto wa Area 47 bado atalilia jina moja la gemu, na jina hilo bado litakuwa na mlango mmoja au miwili.

Jambo la mwisho ni la fedha, na nitalisema kwa ufupi kwa kuwa kila anayevuka analijua mgongoni mwake. Malawi na Tanzania zote ni wanachama wa SADC, ila unafuu wa ushuru wa jumuiya hiyo ni kwa bidhaa zenye asili ya kanda. Mashine iliyotengenezwa China na kupitia Dubai haina asili hiyo, hata ukiipakia Mbeya. Usipange faida kwa unafuu ambao hutaupata Songwe. Na kwacha nayo: Novemba 2023 ilishushwa kutoka 1,180 hadi 1,700 kwa dola, usiku mmoja. Mashine iliyokaa stoo miezi minane katika nchi kama hii inakula mtaji wako bila kelele. Mwenzetu wa New York akikosea uzinduzi anapunguza bei na kusubiri Krismasi. Sisi tukikosea tunauza kwa kwacha iliyoyeyuka na kurudi Dar kununua kwa dola iliyopanda.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijafunga mzigo nauliza maswali mawili tu. Nani ataishika padi hii? Na gemu anayoitaka itaingiaje ndani ya mashine? Mwenye oda ya gemu ya uzinduzi namletea, lakini kwa malipo ya nusu mkononi, na namwandikia kwenye karatasi kama mashine ina tundu la diski au haina. Mwenye kibanda simuuzii namba iliyoandikwa ukutani kwa jirani yake. Wenzangu wawili wa njia hii wananicheka kwamba nimekuwa mwoga. Mmoja wao ana Switch 2 tatu chini ya kitanda.

Yule mama wa Kigoma, tulimtafutia mwanafunzi wa chuo mwenye intaneti ya kutosha akachukua ile Xbox kwa hasara ndogo. Mtoto nilimpa PS4 iliyotumika na diski mbili za Spider-Man, ile ya 2018 na ya Miles Morales, na bado alirudishiwa chenji. Jumamosi iliyopita nilipita kumdai mama salio la usafiri nikamkuta yeye mwenyewe ameshika padi, amekwama juu ya paa la ghorofa huko Manhattan, mtoto akimfundisha namna ya kuruka.

“Kaka, subiri kwanza,” akaniambia bila kugeuka. “Nikidondoka hapa nitaanza upya.”